Sensei, Mtu wa Sensa

Usiku ule nililala na sare ya karate mwilini, mkanda tu ndio niliuvua. Ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tumetoka mazoezini, na mikono yangu ilikuwa imechoka hata kijiko kikanishinda kushika. Eliya alitupigisha pushapu mpaka Salma, mtoto wa darasa la nne, akatapika juu ya mkeka. Eliya akamwambia afute halafu arudi mstarini. Nilimwangalia Salma akifuta kwa fulana yake mwenyewe. Mimi huwa sisemi kitu, ndiyo maana nina daftari hili.

Kabla sijaeleza nilichoota, lazima niseme Sensei alikuwa nani, maana kwetu hata jina lenyewe lilileta shida. Aliitwa Shomari. Alitufundisha karate kwenye ukumbi wa zamani wa ushirika hapa Korogwe, sakafu ya saruji iliyotandikwa mikeka ya katani. Tulimwita Sensei, kama walimu wa karate wanavyoitwa. Bibi yangu alisikia "sensa". Siku Sensei alipokuja nyumbani kumwomba Mama niruhusiwe kujiunga, Bibi alimkaribisha kiti, akaanza kumtajia watu wa nyumba yetu mmoja mmoja, na umri wao, na mbuzi wawili. Sensei hakumkatiza. Alisikiliza mpaka mbuzi wa mwisho, akamshukuru. Toka siku hiyo, nikirudi mazoezini, Bibi alikuwa akiniuliza kama mtu wa sensa hajambo.

Sensei alikuwa mnene. Siandiki hivyo kwa kumdharau, ndivyo alivyokuwa. Tumbo lilitangulia mlangoni, goti la kushoto lilikuwa bovu, sukari ilimsumbua, na akipanda zile ngazi nne za ukumbi ungedhani kuna mtu anapuliza moto wa kuni mbichi. Alifundisha amekaa kwenye kiti cha plastiki. Miaka miwili niliyokaa pale sikuwahi kumwona akirusha teke hata moja. Alichokuwa anafanya ni kufumba macho. Sisi tunapiga mateke, watu ishirini kwa pamoja, yeye kafumba macho, halafu anasema taratibu, "Mwanaidi, kisigino." Na kweli, ni mimi niliyekosea. Alikuwa anatusikia miguu. Alisema ukipiga teke la mzunguko, ule mguu unaosimamia lazima ugeuke, na ukigeuka unasugua mkeka, na msuguo huo una sauti yake. Asipousikia, anajua kuna mtu kaganda.

Wavulana walimcheka. Walisema mwalimu wa karate asiyeweza kukimbia ni sawa na fundi baiskeli anayetembea kwa miguu. Eliya ndiye aliyezidi. Eliya ana miaka kumi na tisa, ana kifua, anaruka juu kuliko wote, na Jumapili hii alikuwa anakwenda kwenye mashindano Tanga mjini. Alikuwa akiuliza, siku tukivamiwa humu ukumbini, Sensei tutambeba wangapi? Tulicheka. Na mimi nilicheka, kwa ndani.

Halafu ikaja siku Salma alipoumia. Alipangwa na mtoto aliyemzidi mwili, wakawa wanajaribiana. Salma akaanguka, yule mwenzake kwa wazimu wa mchezo akaendelea kupiga. Sensei akasema simama. Yule mtoto hakusikia. Sensei akajaribu kunyanyuka, kiti kikanyanyuka naye, kimembana kiunoni. Mpaka amekitoa, mpaka amevuka ukumbi, Salma alikuwa ameshavunjika mfupa wa bega.

Siku mbili baadaye Eliya akaja kwetu na karatasi. Mimi ndiye niliyekuwa naandika daftari la mahudhurio pale ukumbini, na yeye huniita Karani. Akasema, Karani, wewe una mwandiko, tuandikie kamati ya wazazi. Akaanza kunisomea cha kuandika, kwamba Sensei ni mnene, hana anachoweza, tunataka mwalimu mwenye mwili. Ningeweza kukataa. Badala yake nikamwambia hivyo haisikiki vizuri, nikaandika kwa maneno yangu: "Tunamheshimu mwalimu wetu, ila mwili wake haumruhusu tena." Niliisoma sentensi ile mara mbili. Niliipenda. Shuleni kwenye insha huwa napata alama nzuri, na pale nilijiona nimepata nyingine. Chini tukaandika "Wanafunzi". Hatukuweka jina la mtu.

Sikufikiria kwamba kwa miaka miwili, kila siku ya mazoezi, Sensei alikuwa anasoma majina yetu kwa mwandiko huohuo.

Kamati ikamwita. Wakamtaka akimbie kuzunguka uwanja na apige pushapu mbele yao, kama kijana anayeomba jeshi. Wanasema aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akaomba akapumzike kidogo. Hakurudi. Eliya akashika darasa. Mwezi mmoja haukupita, tukamzika. Watu walisema ni sukari. Wote walisema ni sukari, na hata daktari nadhani alisema hivyo. Wiki ile sikuandika chochote humu. Miezi ikapita, bega la Salma likapona, akarudi mazoezini.

Sasa ndoto yenyewe.

Nilisikia hodi. Ilikuwa mchana, uani kumejaa jua na nguo zimeanikwa. Bibi akaenda kufungua, akageuka, akaniambia bila kushangaa hata kidogo kwamba mtu wa sensa kaja. Sensei akaingia. Mnene vilevile, shati lake lile la drafti, kandambili zake. Kizingiti chetu kiko juu, watu wazima hushika ukuta wakiingia. Yeye akapanda bila kuhema. Nikaingoja ile sauti ya kupuliza, haikuja. Nikamtazama kifua, kilikuwa kimetulia kama meza. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba amekufa.

Anakaa. Sijui kiti kimetoka wapi, ni kile cha ukumbini. Ana karatasi kubwa yenye vyumba vyumba, na anauliza kama wanavyouliza wale wa sensa ya serikali, kwamba ni nani na nani wamelala kwenye nyumba hii usiku wa kuamkia leo. Bibi anataja. Mimi, Mama, mdogo wangu, yeye mwenyewe, mbuzi wawili. Sensei anaitikia kwa kichwa. Bibi akimaliza, Sensei anasema, "Na mimi."

Bibi anasema ndiyo, na wewe. Kama vile ni kitu cha kawaida. Kama vile kuna mahali humu ndani nilikuwa nimemlaza, na watu wote wa nyumba wanajua isipokuwa mimi.

Halafu Sensei ananinyooshea karatasi na kalamu.

"Andika wewe," anasema. "Mwandiko wako naujua."

Nikaipokea. Yeye ananisomea maswali na mimi naandika majibu, na maswali yote ni juu yake. Anaona? Anasikia? Anaweza kupanda ngazi? Anaweza kutembea bila msaada? Kila ninapoandika jibu, kalamu inaandika mwili wake haumruhusu tena. Nafuta. Nahamia chumba kingine. Mwili wake haumruhusu tena. Swali ni anasikia, najua anasikia kuliko mtu yeyote Korogwe nzima, nataka kuandika ndiyo, herufi tano tu, na mkono unaandika ileile, kwa mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Nageuza ukurasa na nyuma kumeshajaa.

Sensei anainama juu ya bega langu. Nangoja kusikia pumzi yake shingoni na hakuna. Anasoma mpaka mwisho.

"Sentensi nzuri," anasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama alivyokuwa akisema kisigino. Na hapa niandike ukweli, kwa sababu daftari ni langu na hakuna anayelisoma: kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni kilikuwa jina la Eliya. Nilitaka kusema ni yeye. Nilifungua mdomo kabisa, sauti ikakataa.

Nikainua macho, na tuko ukumbini. Nyumba yetu haipo, Bibi hayupo, ila nguo zetu bado zimeanikwa kule juu kwenye mbao za paa. Watoto wamejipanga. Salma yuko chini. Yule mwenzake anampiga. Sensei yuko kwenye kiti anasema simama, na kiti hakimwachii, kimemshika kiunoni kama mtu anayezuia ugomvi. Kila kitu kinakwenda polepole, nami nina nafasi ya kuangalia vizuri, nafasi ambayo siku ile sikuwa nayo au nilikuwa nayo sikuitumia.

Nikaanza kuhesabu mikeka. Kutoka kwa Sensei mpaka kwa Salma ni mikeka kumi na mbili. Kutoka kwa Eliya, aliyeegemea ukuta amekunja mikono, ni minne.

Kutoka kwangu ni mitatu.

Nina mkanda wa kijani. Naweza kuzunguka uwanja mara tano bila kupumzika. Magoti yangu yote mazima. Nimesimama mikeka mitatu kutoka kwa mtoto anayepigwa, na ninachofanya ni kumtazama Sensei, namngoja yeye anyanyuke. Na Eliya naye anamtazama Sensei. Ukumbi mzima umegeuza shingo upande mmoja, tunamtazama mtu mmoja mnene akipigana na kiti.

Hilo hatukuliandika kwenye barua.

Nikamwendea Sensei. Ajabu ni kwamba niliweza kutembea kwenda kwake, kwa Salma sikuweza. Nikamuuliza, na sauti ikatoka sasa, "Sensei, barua ilisema uongo?"

"Haikusema uongo," akasema. "Nilikuwa siwezi kufika."

Watoto walikuwa wameondoka, mikeka mitupu.

"Ulikuwa mstari wa pili, kila siku. Mbona hukuniambia mimi?"

Nimejaribu kufikiri, kama ningemwambia ingekuwaje. Sensei, ukiwa kwenye kiti hufiki, mweke Eliya katikati ya watoto wadogo, wewe sikiliza, yeye akimbie. Ni maneno machache. Mtu mwenye miguu angempa miguu yake, na yeye angempa masikio. Sijui kama nililiwaza hili ndotoni au nimeliwaza asubuhi, lakini ni jambo dogo kiasi kwamba nasikia hasira. Sisi tulibishana miezi kama mwalimu lazima awe na mwili, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba miili ishirini ilikuwa imesimama pale inangoja kuambiwa.

Pah. Nikasikia nyuma yangu. Pah. Eliya alikuwa peke yake mwisho wa ukumbi, anapiga teke lile gunia letu lililoshindiliwa nyuzi za katani. Alikuwa mzuri kumtazama. Mguu unapanda mpaka kichwani na gunia linakwenda pembeni na kurudi, vumbi linatoka.

Sensei anafumba macho. Na mimi nafumba. Ndotoni ukifumba macho kunakuwa na giza la kweli, sikuwa najua.

Ananiuliza nasikia nini. Nasema teke. Ananiuliza na nini tena. Nasikiliza. Pah. Pah. Natafuta ule msuguo, mguu wa chini ukigeuka juu ya katani, ile sauti ndogo ya kama mtu anafagia mara moja. Pah. Nasema hakuna kingine.

"Hakuna," anasema.

Nikafumbua. Alikuwa amepandisha suruali mpaka juu ya goti la kushoto. Sijawahi kuliona goti la Sensei alipokuwa hai. Lilikuwa kubwa, limepinda kwenda ndani, na kovu refu kutoka juu mpaka chini, limeng'aa.

"Nilikuwa na mwili kama wake," akasema. "Hakuna aliyekuwa ananisikiliza miguu. Mwambie kisigino cha kushoto hakigeuki. Goti ndilo linalojipinda badala yake. Mwambie kabla ya Jumapili."

Nikasema nitamwandikia.

Akanitazama. Tangu aingie hakuwa amenitazama usoni, nadhani, maana nilishtuka kama ndiyo kwanza nakutana naye.

"Hapana," akasema.

Akasimama. Kiti hakikumfuata. Akashuka zile ngazi nne moja moja, bila kushika ukuta, bila kuhema, na mimi nyuma yake na karatasi yangu iliyojaa. Nilitaka kumuuliza kama amenisamehe. Nilikuwa na neno lenyewe kabisa kwenye ulimi. Badala yake nikamuuliza kama nimwandike yupo au hayupo. Ndivyo nilivyo, hata ndotoni. Akacheka. Tumbo lilicheka lote, mabega yakacheka, lakini hakukuwa na sauti, kwa sababu kicheko kinataka pumzi. Akaendelea kutembea kwenye jua. Sikujibiwa.

Nikaamka. Bibi, ambaye nalala naye chumba kimoja, alikuwa ameketi kitandani kwake amejifunga kanga, ananitazama. Dirishani kulikuwa kumeshapambazuka na jirani anafagia.

"Ulikuwa unaongea," akaniambia. Alisema kama mtu anayetoa habari kubwa, na kwangu ni habari kubwa.

Nikamwambia nimemwota mtu wa sensa. Bibi akasogea. Akataka kujua kama alinipa chakula nikala. Nikasema hapana. Kama alinishika mkono tufuatane. Nikasema hapana, aliniacha kwenye ngazi. Alikuja kufanya nini basi? Nikamweleza, yote, hata barua. Bibi alikuwa hajui habari ya barua. Akajifunga kanga upya ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. Nilingoja anigombeze au aniambie si kosa langu. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Kama kakutuma, nenda ukaseme kabla hujanywa chai," akasema. "Na usiende na hilo daftari."

Kwa kweli nilikuwa nimeshachukua kalamu. Nilikuwa nimeandika "Eliya, habari za asubuhi, naomba". Nikachana.

Eliya anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga ya mjomba wake, karibu na stesheni. Njiani nilikuwa najisemea maneno, nikikutana na mtu nanyamaza. Mara mbili niligeuka nirudi. Nilijiambia ndoto ni ndoto, kwamba Sensei huyo nimemtengeneza mwenyewe kwa sababu ya dhamiri yangu, na kwamba sauti ya kisigino cha Eliya huenda nimeisikia mwenyewe Ijumaa bila kujua. Huenda ni kweli. Mtu akifundishwa kusikia miaka miwili, huenda anaanza kusikia. Lakini wakati huo miguu ilikuwa imeshafika.

Alikuwa amekaa juu ya magunia ya mahindi na wenzake wawili wanapakua gari. Aliponiona akatabasamu lile tabasamu lake.

"Karani. Leo umetuletea barua gani?"

Wenzake wakacheka. Nikasema sina barua. Nikasema, na nilikuwa natazama kandambili zangu, kwamba akipiga teke kisigino chake cha kushoto hakigeuki, na goti ndilo linalojipinda, na asiende Tanga kesho kabla hajalirekebisha. Mashine ilikuwa inanguruma. Akasema hasikii. Nikafikiri nimeshasema, nimetumwa niseme na nimesema, naweza kwenda nyumbani nikanywe chai.

Nikamsogelea mpaka kwenye magunia. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka wale wawili wakaacha kupakua. Kisigino cha kushoto. Goti.

Eliya hakucheka. Aliangalia upande wa mashine, mjomba wake alikokuwa, kisha akashusha kiganja chake taratibu, akafunika goti la kushoto kama mtu anayeficha kitu.

"Nani kakwambia linauma?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Mimi nilikuwa sijasema linauma.